Kongwe izibwe au iundwe mpya? Manowari za ndege zikilinganishwa, kuanzia mchangani Kibirizi

Baba mdogo ana boti moja ya dagaa. Imevutwa juu ya mchanga pale Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, imeegemezwa magogo, na fundi ameizunguka mara mbili akigonga mbao kwa nyundo huku ametega sikio. Mbao nzima inalia ko, ko. Iliyooza inanyamaza. Upande wa kushoto, chini karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, nyundo ilinyamaza kwa urefu wa kama hatua nne. Fundi akachomoa kisu, akakisukuma kwa kidole gumba tu, kikazama mpaka kwenye mpini.

"Mzee, hii naweza kuiziba. Ila nikishafungua, nitakachokikuta humo ndani tusilaumiane."

Baba mdogo akanigeukia. Anajua nashinda na simu nikifuatilia habari za manowari, na huwa ananicheka kwamba nimesomea meli ambazo sitazipanda. "Haya mwanangu, tuambie. Hao wenye meli za kubeba ndege, ikichakaa wanaziba au wanaunda nyingine?"

Nusu alikuwa anatania, nusu anauliza kweli. Nikamwomba siku mbili. Niliyomletea ndiyo haya, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya yeyote mwenye chombo kinachovuja na pesa isiyotosha mambo yote mawili.

Ya bure na ya kuunda nyumbani

Ukitaka kuona njia hizi mbili zimesimama bega kwa bega, nenda India. Nchi ile ilizipita zote mbili kwa wakati mmoja.

Januari 2004 India ilikubaliana na Urusi kuchukua manowari iliyoitwa Admiral Gorshkov, iliyoingia kazini 1987 enzi za Wasovieti. Bodi lenyewe, yaani mwili wa meli, lilitolewa bure. India ingelipia ukarabati tu, dola milioni 974, na meli ingefika 2008. Meli ya bure, nani angekataa? Lakini Gorshkov haikuwa na sitaha ndefu ya kurushia ndege. Mbele palijaa mitambo ya makombora. Ilibidi ing'olewe yote, sitaha ijengwe upya, pua iinuliwe ndege ziruke kama kutoka kwenye kilima. Mafundi walipofungua kuta wakakuta nyaya za kubadilisha ni nyingi kupita makadirio yao. Kisu kilizama mpaka kwenye mpini. Bei ikapanda, mazungumzo yakavunjika na kuanza tena, na mwisho India ikalipa dola bilioni 2.35. Septemba 2012, meli ikiwa kwenye majaribio katika bahari ya kaskazini mwa Urusi, boila saba kati ya nane ziliharibika ilipojaribiwa kwa kasi kubwa. Ilikabidhiwa Novemba 2013 kwa jina la Vikramaditya, ikiwa na miaka 26 mgongoni kabla haijamfanyia kazi mwenye nayo mpya hata siku moja.

Wakati huo huo, kule Kochi, Wahindi walikuwa wanaunda ya kwao. Mkuku uliwekwa Februari 2009, bodi likashushwa majini Agosti 2013, meli ikaingia kazini tarehe 2 Septemba 2022 kwa jina la Vikrant. Hii nayo ilichelewa kwa miaka. Chuma maalumu walichotegemea kukipata nje hakikuja, wakalazimika kutengeneza chao wenyewe. Gharama yake ilifika karibu rupia bilioni 200, yaani kama dola bilioni 2.5.

Ukiziweka kwenye mizani:

Vikramaditya: bodi la bure, dola bilioni 2.35, miaka karibu kumi kutoka mkataba hadi makabidhiano, pesa nyingi ikabaki karakana ya Urusi.

Vikrant: bodi jipya, kama dola bilioni 2.5, miaka 13 na ushee kutoka mkuku hadi kazini, chuma na mafundi wakabaki nyumbani.

Baba mdogo alipoona hizo bei mbili akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo ile ya bure na ile ya kununua ni bei moja!" Karibu moja, ndiyo. Ila tusiionee Vikramaditya. Kati ya 2013 na 2022 ilikuwa inasafiri wakati mwenzake angali anachomelewa, na ile manowari nyingine kongwe ya India, Viraat, ilistaafu 2017. Bila Vikramaditya wangekaa miaka mitano bila kitu. Kwa hiyo katika ile bei kulikuwa pia na kodi ya muda, na mwenye haraka siku zote hulipa kodi hiyo.

Wachina na Wabrazili sokoni

Wapo walionunua mtumba kwa bei ya chini kabisa. Hapa nina kidonda changu. Mwaka juzi niliingia mkenge wa injini ya mtumba, imepigwa rangi ikang'aa, muuzaji akaiwasha mbele yangu ikaunguruma vizuri. Ilivuka hadi Kagunga, kijiji cha karibu na mpaka wa Burundi, mara mbili. Ya tatu ilizima katikati, na tulirudi kwa kasia na aibu. Kwa hiyo niliposoma habari za Brazili nilizisoma kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.

Brazili ilinunua manowari ya Ufaransa, Foch, mwaka 2000 kwa dola milioni 12 tu. Meli hiyo ilikuwa kazini tangu 1963. Wakaiita São Paulo. Mwaka 2005 bomba la mvuke lilipasuka, watu wakafa. Matengenezo yakafuatana na matengenezo, na katika miaka yake yote ya Brazili meli ile haikufikisha hata siku 300 baharini. Walipokata tamaa waliiuza kwa chuma chakavu Uturuki. Uturuki ikaikatalia njiani, mwaka 2022, kwa sababu ya asbesto, madini yenye sumu, iliyokuwa ndani, ikavutwa kurudi ilikotoka, bandari za nyumbani nazo zikaikataa. Februari 2023 jeshi la majini la Brazili likaizamisha kusudi katika Atlantiki. Dola milioni 12 zilinunua meli ambayo hata kuitupa ilikuwa kazi.

Wachina walilipa kidogo pia. Mwaka 1998 kampuni moja ilinunua kutoka Ukraine bodi lisilomalizika la meli iitwayo Varyag, kwa dola milioni 20, ikisema itaifanya kasino inayoelea. Haikuweza hata kujiendesha yenyewe. Uturuki iliizuia kwa zaidi ya mwaka isipite mlango wa bahari wa Bosphorus, na ilifika Dalian mwaka 2002 ikivutwa. Ikaingia jeshini Septemba 2012 kwa jina la Liaoning.

Bei zinakaribiana, mwisho haukukaribiana kabisa. Brazili ilinunua meli ili isafiri nayo. China ilinunua darasa. Kwenye Liaoning walijifunza kutua ndege na kupanga watu sitahani, na mafundi wake waliona kwa macho kuta za meli ile zimepangwaje. Halafu wakaunda Shandong, iliyoingia kazini Desemba 2019, ikifanana nayo kwa mengi. Kisha Fujian, iliyoshushwa majini 2022 na kuingia kazini Novemba 2025, inayorusha ndege kwa manati ya umeme. Kutoka bodi tupu linalovutwa hadi manati ya umeme ni miaka 23. Chombo kikuukuu kikiwa mikononi mwa mtu anayekusudia kuunda kingine, hata ubovu wake unamfundisha.

Mpya kabisa, na lifti zisizopanda

Sasa wale wenye pesa kuliko wote. Sheria ya Marekani inalitaka jeshi lao la majini liwe na manowari za ndege 11 zisizopungua. Ya kwanza ya aina mpya, Gerald R. Ford, iligharimu kama dola bilioni 13 na kupokelewa rasmi Julai 2017. Waliijaza vitu vipya kwa mkupuo mmoja: manati ya sumakuumeme badala ya mvuke, kamba mpya za kukamatia ndege, rada mpya, na lifti 11 za kupandisha mabomu kutoka ghalani hadi sitahani. Lifti hizo ndizo zilizowatia aibu. Meli ilikabidhiwa lifti hazifanyi kazi, ikawa zinamalizika moja moja, ya mwisho Desemba 2021. Manowari bila lifti za mabomu ni kama boti ya dagaa yenye taa, injini na wavuvi, wavu umebaki nyumbani. Safari yake kamili ya kwanza ya kikazi ilianza Mei 2023, karibu miaka sita baada ya sherehe.

Mdogo wake, John F. Kennedy, alishushwa majini 2019 na bado makabidhiano yamesogezwa hadi 2027.

Basi mtu atasema: heri kukarabati. Taratibu. Manowari zao za zamani zinaendeshwa kwa nyuklia, na karibu na mwaka wa 25 hufunguliwa, zikajazwa mafuta mapya na kufumuliwa karibu zote. George Washington iliingia karakana Agosti 2017 kwa kazi ya miaka minne. Ilitoka Mei 2023. Katikati ya hapo mabaharia wengine waliishi humo humo, kwenye kelele za kuchomelea na vumbi, na mwaka 2022 vilitokea vifo vya kujiua vilivyowalazimu wakubwa kuchunguza maisha ya watu kwenye meli iliyo matengenezoni. Jambo hili silioni mara nyingi likitajwa kwenye mahesabu, lakini ni gharama ya njia hii: meli ikifumuliwa, watu wake hawana nyumba.

Hata hivyo ukarabati ule ndio unaowapa nusu ya pili ya maisha ya meli. Nimitz, iliyoanza kazi Mei 1975 na kufumuliwa kati ya 1998 na 2001, ilikuwa bado iko safarini mwaka 2025. Miaka 50. Kwa Ford ile ya lifti, huo ni umri wa bibi yake.

Lakini yetu ina miaka mingapi?

Hapa baba mdogo alinikatiza. Alinyoosha kidole upande wa bandari. "Na Liemba je?"

Nilijua atafika hapo. Mtu wa Kigoma humwambii habari ya meli kongwe halafu ukaishia miaka 50. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi hapa, na mafundi watatu wa karakana iliyoiunda ndio waliokuja kuiunganisha upya. Ilishuka ziwani Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, nayo ilikuwa manowari, na mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye Königsberg, ile meli ya Wajerumani iliyonaswa Rufiji. Katikati ya 1916 ndege za Wabelgiji, zinazoruka kutoka majini upande wa Kongo, zilikuja kupiga mabomu Kigoma. Kumbuka kwamba Argus ya Uingereza, manowari ya kwanza yenye sitaha tambarare yote ya kurushia na kutulia ndege, iliingia kazini 1918. Wazee wetu walishakimbia mabomu ya ndege za majini miaka miwili kabla.

Julai 1916 Wajerumani wakiondoka waliizamisha wenyewe. Kabla ya hapo mafundi wale walizipaka injini grisi, nene, kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakaikuta inatengenezeka, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970, zikaja za dizeli. Mwaka 2015 meli hiyo hiyo ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma mjini. Baadaye ikasimama kwa miaka, ikingoja matengenezo.

Kwa nini hii ipite miaka 100 na zile za mabilioni zihesabiwe 50? Maji, kwanza. Ziwa Tanganyika halina chumvi ya bahari, na chumvi ndiyo mchwa wa chuma. Pili, kazi. Hakuna ndege ya tani 20 inayojibwaga kwenye sitaha ya Liemba mara mia kwa siku, wala hakuna tanuri la nyuklia ambalo ukitaka kulifikia lazima upasue meli tumbo. Tatu ni ile grisi. Aliyeiweka chini aliiweka akijua kuna atakayeiinua. São Paulo haikuwahi kuwekwa na mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo umri wa bodi peke yake hauniambii kitu. Ninauliza: imefanya kazi gani, kwenye maji gani, na aliyeilaza aliilazaje?

Ya pili iko wapi?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulisahau, na kwangu mimi linazidi yale ya bei. Uingereza iliunda mbili mpya, Queen Elizabeth na Prince of Wales, kwa zaidi ya pauni bilioni 6 zote pamoja. Agosti 2022 Prince of Wales iliharibika mhimili wa rafadha, yaani pangaboi, mara tu baada ya kutoka Portsmouth. Watu waliicheka dunia nzima. Februari 2024 ikawa zamu ya Queen Elizabeth, tatizo likiwa hapo hapo kwenye mhimili, kabla tu ya kwenda kwenye mazoezi makubwa ya NATO. Safari hii hakucheka mtu sana, maana Prince of Wales ilitayarishwa kwa siku chache ikaenda badala yake.

Ufaransa ina moja tu, Charles de Gaulle, ya tangu 2001. Ilipoingia matengenezoni Februari 2017, kwa mwaka mmoja na nusu Ufaransa haikuwa na manowari ya ndege hata moja. Mrithi wake ametangazwa tangu 2020, lakini anatarajiwa 2038. Ni meli nzuri, na ndege zake hurushwa kwa manati, kitu ambacho za Waingereza hazina. Ila mwenye moja, siku ya kuitengeneza ana sifuri.

Na Urusi inaonyesha kwamba hata chelezo, mahali meli inapopandishwa itengenezwe, kinahesabika. Kuznetsov, manowari yao pekee ya ndege, ilikuwa kwenye chelezo kinachoelea mwaka 2018 ikikarabatiwa. Umeme ukakatika, chelezo chenyewe kikazama, winchi yake ikaangukia sitaha ya meli. Mwaka uliofuata meli ikashika moto. Meli inayotengenezwa huharibika zaidi kuliko ilivyoharibika vitani, kama mahali pa kutengenezea ni pabovu.

Ungechagua ipi?

Kama nchi au kikundi hakijawahi kuendesha chombo cha aina hiyo, na kina mafundi walio tayari kujifunza, kikuukuu cha bei ndogo kinafaa, ilimradi kila mtu ajue kimenunuliwa kufundishia. Kama una fundi wako na mahali pako pa kuvutia chombo, na una muda, unda kipya, na cha kwanza ukiunde bila mbwembwe nyingi. Ford wangeweka manati mapya tu na kuacha lifti za zamani, wangesafiri mapema. Mwenye kimoja kinachomlisha, mimi ningemwambia akarabati, kwa sharti moja walilolisahau Wahindi na Warusi: kifunguliwe kwanza, bei ipatanwe baadaye.

Na baba mdogo anacho ambacho Wafaransa hawana. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa uvuvi kwa mara ya kwanza, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, dagaa wapate kuzaana. Wavuvi tulinung'unika, na wengine bado tunanung'unika. Lakini boti ikiwa juu ya magogo katika miezi hiyo haimkoseshi mtu hata ndoo moja ya dagaa. Jeshi la majini gani lina miezi mitatu ambayo adui amekatazwa kuvua?

Fundi alifungua upande wote wa kushoto siku ya Jumanne, mbele yetu, kabla hatujataja shilingi. Mbao tano zimekwisha. Mataruma mawili, zile mbavu za boti, yameoza ncha. Mkuku, mninga mtupu, mzima: alipougonga ulilia mpaka wavulana waliokuwa wanaparua samaki wakageuka. Baba mdogo akasema izibwe, na mbao zitakazobaki zihifadhiwe chini ya mwembe nyumbani Gungu, ndizo za kuanzia ile ya pili, Mungu akipenda mwakani.

Kisha akaishusha injini mwenyewe, akaiweka juu ya gunia, akaanza kuipaka grisi kwa mkono. Alipofika kwenye rafadha, kopo likawa limekwisha. Akamwita mjukuu wake, akampa noti.

"Kimbia dukani, lete makopo mawili. Mwambie mwenye duka nataka ile nene."